Mlango wa Mpangaji

Jumatatu, 2 Machi

Ta. Hivyo ndivyo kilivyolia kifuniko cha kalamu ya daktari alipokirudisha mahali pake. Ni sauti ndogo, kama ya mtu anayevunja kijiti cha kiberiti, lakini tangu Ijumaa inanifuata. Naisikia nikifunga chupa ya gundi. Naisikia mdogo wangu akizima taa.

Kwa miaka sita nimezoea madaktari wanaoandika ninapozungumza. Nikisema, kalamu inakimbia, nikinyamaza, inanisubiri. Huyu ni mpya, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, amechukua nafasi ya yule mzee aliyestaafu. Nilimweleza jinsi ninavyozama, vile vipindi ambavyo kuoga ni safari na kupokea simu ni mtihani. Nilieleza vizuri. Nimeeleza mara nyingi mno, nayajua maelezo hayo kama somo nililolifaulu. Ndipo akafunika kalamu, ta, akailaza mezani, akasema: "Na zile siku nzuri? Hebu nieleze hizo."

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nani huenda kwa daktari kulalamikia siku nzuri?

Nikamweleza, tena kwa fahari, na hilo ndilo linaloniuma sasa. Nikamwambia habari za maktaba niliyoijenga mwaka jana, modeli nzima ya kadibodi, karibu bila kulala. Nikamwambia nilivyoupaka ukuta wa jikoni kwetu rangi ya manjano, nikaacha sehemu ya mwisho ikiwa nyeupe kwa sababu furaha iliisha kabla ya rangi. Nikamwambia jinsi mawazo yanavyokuja yakiwa yamejipanga foleni, kila moja likinijua kwa jina. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema sonona niliyoambiwa miaka yote ilikuwa sehemu tu ya habari. Kupanda kwangu na kushuka kwangu ni ugonjwa mmoja. Unaitwa baipola.

"Kwa hiyo nimetibiwa ugonjwa usio wangu?"

"Umetibiwa nusu yake. Na huenda dawa ya nusu hiyo ndiyo iliyokuwa ikikurusha juu."

Nimetoka na dawa mpya, ya zamani inapunguzwa kidogo kidogo, nitakuwa napimwa damu, na nimeagizwa kuandika kila siku nimelalaje na nimeamkaje. Haya, naandika. Mimi huandika ili nibishane. Daktari hajui alichokiomba.

Jumatano, 4 Machi

Mvua za kwanza. Nimelala vizuri. Sioni tofauti yoyote isipokuwa kiu.

Jumapili, 8 Machi

Nimemwambia Mama. Alikuwa anakata vitunguu, hivyo sikuweza kujua machozi yalikuwa ya nini.

"Hebu ngoja kwanza," akasema. "Sonona nilishaizoea. Nimeiombea, nimewauliza watu, najua hata mapazia yake yafunguliwe saa ngapi. Sasa wanakubadilishia tena?"

"Hawajabadilisha ugonjwa, Mama. Wamebadilisha jina."

"Jina na dawa. Hiyo dawa yenyewe ni nini?"

"Ni aina ya chumvi."

Mama aligeuka polepole akalitazama kopo la chumvi kando ya jiko. "Miaka sita tunahangaika," akasema, "na chumvi ipo hapa hapa."

Kitinda alicheka mpaka akakaa sakafuni. Ni mdogo wangu, kitinda mimba, na jina hilo amelishikilia ili asiyejua ajue kwamba nyuma yake kiwanda kilifungwa. Nami nikacheka. Tukadhani yameisha.

Lakini tulipokwisha kula Mama alibaki mezani akikunja na kukunjua kitambaa cha sahani. "Nilikuwa nikiomba zile siku zako nzuri zije," akasema. "Zikija nashukuru. Ile siku umenishika mkono jikoni tukacheza muziki na rangi imekujaa kwenye nywele. Kwa hiyo mwanangu, hata nilipokuwa nafurahi na wewe, tulikuwa tunaufurahia ugonjwa?"

Jibu nimelitafuta mpaka sasa. Nikasema tu, "Nilikuwa mimi, Mama." Akasema, "Najua." Lakini alisema kama mtu anayeulizia njia.

Jumatano, 11 Machi

Ofisi yetu iko juu ya duka la matairi. Meza tano, madirisha makubwa upande mmoja, harufu ya gundi juu na ya mpira chini. Ni ofisi ya wasanifu majengo, lakini kilichotupa jina ni modeli, majengo madogo ya kadibodi na mbao nyepesi. Wateja huzipenda kuliko michoro kwa sababu mchoro unataka akili, modeli inataka macho tu.

Bosi ana sheria moja. Modeli haitoki kabla Mpangaji hajaitembea. Mpangaji ni mtu wa mbao, mdogo kama kidole cha mtoto, amechongwa kwa skeli ile ile ya modeli zetu zote. Aliyejenga humpitisha kila mlango na kumpandisha kila ngazi, kisha mwenzetu tunayemwita Rula humpitisha tena. Jina alilipata kwa sababu ameingia kila nyumba tuliyowahi kuijenga na hajawahi kulipa kodi.

Rula ni mwanamke wa makamo, mtu wa shoto, mwenye shahada mbili na maneno machache. Hupima kila kitu mara mbili, hata salamu. Kabla sijaajiriwa, kisu cha mashindano kilikuwa chake. Kisu hicho ni kimoja, cha mpini wa chuma, na anayekishika ndiye anayekata modeli za mashindano. Huuzungushia mpini utepe wa kitambaa mpaka uchukue umbo la vidole vyake, na baada ya hapo kukigusa ni sawa na kutumia mswaki wa mtu. Bosi alipoona kasi yangu, alikitoa mezani kwa Rula akakiweka mezani kwangu. Rula alibandua utepe wake. Tangu siku hiyo najua ana kinyongo nami.

Leo Bosi ametukusanya. Shindano la mwaka huu ni shule ya chekechea, modeli inatakiwa mwisho wa Mei. "Mashine," akaniambia, kwani ndivyo ninavyoitwa hapa, "mwaka jana ulitushindia na ile maktaba. Nataka ile ile. Funga macho, washa injini."

Wote wakacheka. Rula hakucheka. Alinitazama, kisha akatazama kisu.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua. Usingizi mzuri. Kitinda ameniuliza kama chumvi yangu ina iodini.

Jumatano, 25 Machi

Mkono unatetemeka.

Si sana. Mtu mwingine asingeona. Ukinyoosha vidole ni kama uso wa maji lori likipita barabarani. Lakini dirisha la chekechea kwenye skeli yetu ni dogo kuliko ukucha, na leo nimeharibu madirisha ya ukuta mzima. Kisu kinafika kwenye kona kisha kinasita, kinasogea upana wa unywele, na unywele mmoja hapa ni karibu upana wa kidole kule duniani. Nilikusanya mabaki nikayatia mfukoni ili yasionekane kwenye pipa.

Daktari aliniambia kwamba jambo hili linaweza kutokea. Alilisema pamoja na kiu na kunenepa, kwa sauti moja, kama mtu anayesoma vituo vya basi. Niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nafikiria kunenepa.

Jumatatu, 30 Machi

Mvua haijakatika tangu Ijumaa. Madirisha manne mazuri, mengine ya kutupwa.

Jumanne, 7 Aprili

Damu iko sawa. Nilimwambia muuguzi kwamba mkono unatetemeka, akaniambia nimwambie daktari. Daktari alikuwa na foleni mpaka nje, watu chini ya miavuli. Sikumngoja.

Nimekuwa nikijiuliza swali moja tangu Machi, na afadhali niliandike kama lilivyo. Kama siku nzuri ni ugonjwa, basi yote niliyoyafanya vizuri aliyafanya nani? Ukiniondolea kuzama, nashukuru. Ukiniondolea kupaa, nitabaki na nini cha kumwonyesha mtu? Mtu mwingine angeona haya kuuliza hivyo. Mimi sioni haya. Ni swali zuri, na bado hakuna aliyenijibu, hata wewe daftari.

Jumanne, 14 Aprili

Bosi alisimama nyuma ya kiti changu kwa muda mrefu.

"Mwaka jana wakati kama huu tulikuwa tunapaka rangi," akasema.

"Mwaka jana ilikuwa maktaba."

"Mashine, unaumwa?"

"Hapana."

"Basi umepona," akasema akicheka. "Hatari tupu. Usipone mpaka Juni, tafadhali."

Ulikuwa utani. Hajui chochote, anajua tu kwamba mwaka jana, baada ya maktaba, nilipotea kazini kwa majuma mengi, na kwamba niliporudi hakuna aliyeuliza. Lakini utani ule nimerudi nao nyumbani.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimeamua, kwa akili timamu, na nacheka mwenyewe nikiandika maneno hayo, kwamba nitaipumzisha dawa mpaka modeli itoke. Siachi. Naahirisha. Hoja zangu ni hizi: mkono ni kazi yangu, kazi ni uti wangu wa mgongo, mwezi mmoja si maisha, na mvua hunizamisha, hainipandishi, hivyo hatari ni ndogo. Ni hoja nzuri. Mtu akinipa hoja kama hizi nitampa alama zote.

Sijamwambia mtu.

Jumatano, 22 Aprili

Mkono umetulia kidogo, au naona ninachotaka kuona. Nimeamka kabla ya jogoo na sijachoka.

Alhamisi, 23 Aprili

Andika polepole.

Maktaba ya mwaka jana iko mapokezini, ndani ya kasha la kioo. Majaji waliusifu mlango wake kuliko kitu kingine chochote. Ni mlango wa pembeni ulioingizwa ndani kidogo, na ukuta umepinda kando yake kama mkono wa mtu anayemkaribisha mgeni. Nilitaka kuuazima upindo ule kwa ajili ya chekechea, kwa sababu mtoto wa siku ya kwanza anahitaji ukuta wa kumshika bega. Wenzangu walipokwenda kula nikalifungua kasha, nikalitoa paa, nikaingiza kioo cha mkononi ili nione kwa ndani nilivyoukunja.

Sikuukunja mimi.

Ukuta wangu unajulikana. Mimi hukata kadibodi kabla ya kuibandika, hivyo kingo zangu huwa safi pande zote mbili. Kingo za mlango ule zilikuwa zimekatwa ukuta ukiwa umesimama tayari, baada ya gundi kukauka, na zilikuwa zimeinama kuelekea kushoto. Aliyekata ni mtu wa shoto. Kipande kilichopinda ni cha kadibodi nyingine, nyeupe zaidi. Na chini yake, mahali ambapo hakuna jicho linalofika, palikuwa na nukta ndogo ya penseli. Rula huweka nukta kila anapomaliza kupima.

Nilirudisha paa. Nikaenda kunywa maji. Ninachokumbuka mimi, na nakumbuka mpaka jinsi mwanga ulivyokuwa, ni kwamba niliukata mlango ule kwa mkono wangu.

Ijumaa, 24 Aprili

Nilimkuta Rula kwenye sinki anaosha brashi.

"Mlango wa maktaba," nikasema.

Hakugeuka. "Nani kakuambia?"

"Ukuta. Umekata kwa shoto."

"Mkono ndio huu, sina mwingine."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme lini?" Akafunga bomba. "Wiki ile ulikuwa unaongea kama redio mbili kwa pamoja. Ukamaliza modeli, ukaiweka mezani kwangu, ukaondoka unaimba. Halafu ukapotea. Umerudi umekonda kama kijiti. Nikuambie nini? Pole na hongera, ulisahau mlango?"

"Nilisahau mlango?"

"Mdogo wangu." Hajawahi kuniita hivyo. "Lilikuwa jengo zuri kuliko yote niliyoyaona hapa. Nilimshika Mpangaji nikamzungusha, nikarudia, nikadhani macho yangu yana kasoro. Nikatafuta upande wa mbele, nikatafuta upande wa nyuma. Hapakuwa na pa kuingilia. Mpangaji wa watu amesimama nje kama mdaiwa."

Nilicheka, kisha nikashika ukingo wa sinki.

"Lakini nakumbuka nikiukata."

"Unakumbuka ukiuwaza. Ulitusimamisha wote ukatuchorea hewani, ukuta unapinda hivi, mgeni anakuja hivi. Mimi nilikata ulichochora. Wazo ni lako, usinibebeshe sifa nisizozitaka."

"Na ngazi?"

"Baadhi nilizirudia. Zilikuwa za kurukwa, si za kupandwa. Usiulize paa."

"Paa lilikuwaje?"

"Nimekuambia usiulize."

Nikamuuliza kama Bosi anajua. "Bosi hujua anachotaka kujua," akasema. Nikakusanya ujasiri nikamwambia kwamba miaka yote hii nilidhani ananionea wivu kwa sababu ya kisu.

"Nilikuonea," akasema akikung'uta brashi. "Mwaka wa kwanza. Lakini ukimfuata mtu nyuma nyuma ukiziba matundu yake, wivu unakosa pa kukaa. Unabaki na uchovu tu." Akanitazama usoni, kwa kipimo, kama anavyotazama kila kitu. "Juzi na jana umeanza kuongea haraka tena. Nimeanza kuchoka mapema."

Jumamosi, 25 Aprili

Mvua kubwa. Sijatoka. Nimeandika kurasa nne nikazichana, kwa sababu zilikuwa zinanitetea.

Nianze upya. Kinachoniogopesha si kwamba nilisahau mlango. Kila mtu husahau. Kinachoniogopesha ni kwamba naukumbuka. Nilikuwa na uhakika kamili juu ya kitu ambacho hakikuwepo, na uhakika ule ndio niliokuwa nauita kipaji. Jumatatu nilipoandika hoja zangu nzuri, nilikuwa na uhakika wa namna ile ile.

Lakini kuna jambo la pili, na hili nimelikumbuka leo asubuhi nikiwa kitandani nasikiliza bati. Wazo la ule upindo halikuja wakati nikipaa. Lilikuja wiki kadhaa kabla, mchana, kwenye foleni ya posta. Mbele yangu alikuwa baba na mtoto wake, na kila mlango ulipofunguka baba alipindisha mkono nyuma ya mtoto bila kumgusa. Nilikuwa nimelala vizuri, nimekula, nimechoshwa na foleni kama mtu yeyote. Nikauona ukuta. Nilitabasamu nikasahau.

Kwa hiyo swali langu limejibiwa, na jibu si la daktari. Aliyeuwaza mlango ni mimi wa foleni ya posta. Yule wa kupaa aliutangaza tu, akasahau kuujenga.

Nimekunywa dawa.

Jumatatu, 27 Aprili

Leo nilimngoja daktari mpaka foleni ikaisha.

"Niliruka dawa," nikasema kabla sijakaa. "Tangu Jumatatu mpaka Ijumaa. Juzi nimerudi. Nilikuwa na sababu nzuri sana."

"Sababu huwa nzuri," akasema. Akanieleza bila kupamba kwamba kuiacha ghafla namna ile ni kujitupa, na kwamba aliowahi kuwaona wakianguka vibaya, wengi walianguka hivyo. Nilidhani ataandika. Ta. Kalamu mezani.

"Sasa nionyeshe mkono."

Nilinyoosha. Aliutazama muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyowahi kuutazama mkono wangu, kisha akaniuliza kazi yangu, si jina la kazi, kazi yenyewe: nashika nini, nakata nini, kwa muda gani. Nikamweleza habari za madirisha. Atapunguza dawa kidogo, kipimo cha damu kikikubali, na sehemu kubwa nitainywa jioni.

"Mkono utarudi kama zamani?"

"Huenda ukatulia. Huenda usitulie wote. Sitakudanganya ili unywe."

Nilimpenda kwa neno hilo. Ni kama Rula mwenye miwani ya kamba.

Alhamisi, 30 Aprili

Jua, nusu siku. Nimelala.

Jumapili, 3 Mei

Mama alileta kopo la rangi bila kumshirikisha mtu. "Huu ukuta wa jikoni," akasema, "nimekaa nao hivi nikidhani nikiumaliza bila wewe nitakuwa nimekufukuza. Tuumalize."

Tulipaka asubuhi nzima, tukipumzika tukichoka. Kitinda alisimamia, maana yake alikaa juu ya stuli akatukosoa. Manjano mpya haifanani kabisa na ile ya zamani, imepauka kidogo. Nilitaka kurudi dukani.

"Acha," Mama akasema. "Nataka nione ulipoishia na tulipoanzia."

Kisha Kitinda akaweka muziki, ule ule, na nikamwona Mama akinitazama kwa hofu, kama mtu anayesubiri kuambiwa kama chakula kina chumvi. Nikamshika mkono. Tulicheza wimbo mmoja. Uliisha, tukaacha, tukaosha brashi. Mama alinitazama nikiosha brashi kana kwamba ni muujiza.

"Unaona?" nikamwambia. "Furaha ilikuwa yangu. Kilichokuwa si changu ni kutokuacha."

"Andika hilo," akasema. Ndiyo nimeandika.

Jumatano, 6 Mei

Nilimwambia Bosi leo, ofisini kwake, mlango ukiwa wazi. Nilitaja jina la ugonjwa, nikamweleza siku nzuri ni nini na nilikopotelea mwaka jana. Alichezea kalamu zake.

"Lakini maktaba..."

"Maktaba haikuwa na mlango, Bosi. Muulize Rula."

Alichungulia nje. Rula alikuwa anapima kitu kilichokwisha kupimwa. "Bila mlango kabisa," akasema bila kuinua kichwa.

Bosi aliziweka kalamu chini. "Kwa hiyo utakuwa mtu wa kawaida?"

"Nitakuwa mtu anayelala. Saa kumi na mbili jioni naondoka, kila siku, hata siku ya mwisho."

"Tutachelewa."

"Tuanze basi. Mlango ndio wa kwanza. Mpangaji anaingia wiki ijayo."

"Na jina la Mashine tulipeleke wapi?"

"Hata mashine hufanyiwa matengenezo," nikasema. Alicheka kabla hajakumbuka kwamba ana wasiwasi. Bado anao. Nimemwachia, ni wake.

Jumamosi, 9 Mei

Mkono: nafuu, si kamili. Nimejaribu dirisha moja mara kadhaa nyumbani. Kona tatu nzuri, ya nne inasita.

Jumanne, 12 Mei

Mvua zinapungua. Zinakuja jioni tu, kama mgeni anayeaga kwa awamu.

Alhamisi, 14 Mei

Leo Mpangaji ameingia chekechea. Nilimpitisha mwenyewe. Mlango ni mfupi kuliko wa maktaba, na ukuta unapinda chini kabisa, kwenye urefu wa bega la mtoto, hivyo mtu mzima anayeingia inambidi aone kwamba hakujengewa yeye. Rula alimpitisha baada yangu. Alimsimamisha kizingitini, akamrudisha, akamwingiza tena.

"Ameingia," akasema. Akainama kuweka nukta yake, nikamwomba anipe penseli, nikaweka ya kwangu kando.

Kingo za mlango huu ni safi, na zimeinama kidogo kuelekea kushoto.

Sikuandika habari za Jumatatu siku ya Jumatatu kwa makusudi. Najijua. Ningeiandika kwanza, ningeipangia hoja, na kufikia ukurasa wa tatu ningekuwa nimejishinda. Kwa hiyo nilifanya kwanza. Nilifika kabla ya wenzangu, nikakaa mezani kwangu na kisu cha mashindano, nikatafuta ncha ya utepe kwa ukucha. Ulikuwa umeganda kwa miaka ya jasho. Niliubandua wote, mzunguko kwa mzunguko, vidole vyangu vikitetemeka kidogo, mpaka chuma kikabaki tupu na baridi na bila umbo la mtu. Rula alipoingia nilimwekea mezani kwake, pamoja na utepe mpya ambao haujafunguliwa.

Alikitazama. Akanitazama mkono, si kwa huruma, kwa kipimo.

"Mkono ukitulia je?" akauliza.

"Ukitulia nitanunua kisu changu. Dawa siachi."

Akavuta kiti, akaanza kuzungusha utepe, kwa shoto.